Binti wa Ndau na Msumeno wa Baba

Mwezi uliopita nilimwita fundi aje anirekebishie kabati la jikoni, hapa ninapokaa Kisauni. Kijana mdogo tu, mzaliwa wa Mombasa, kaja na mkoba wa nailoni na simu ikimwimbia mfukoni. Mimi nilikuwa nachambua mchele, wala simtazami. Mara nikasikia sauti. Si ule mkwaruzo wa msumeno tuliouzoea, unaokereza mbao mpaka na meno ya mtu kinywani yakaingia ganzi. Hii ilikuwa nyembamba, kama mtu anayechana kitambaa kipya taratibu. Nikainua kichwa. Kijana alikuwa amekaa kitako sakafuni, kaukanyaga ubao kwa mguu, anauvuta msumeno kuja kwake.

"Huo umeupata wapi?" nikamwuliza.

"Ni wa Kijapani, mama. Siku hizi waagiza kwa simu tu, waletewa mpaka mlangoni."

Nikamwomba akate tena. Akacheka, akadhani nastaajabia maendeleo. Wewe rafiki yangu unanijua, na huenda unatarajia nikwambie kwamba moyo ulinijaa utamu wa utotoni. Haukujaa utamu. Ulinijaa wivu, ule ule wa zamani, mbichi kama wa juzi, nami ni mama mzima ambaye binti yangu wa kwanza keshaolewa. Kaa nikuhadithie.

Kwetu ni Lamu, mtaa wa ndani, mahali ambapo ukikaa uani wasikia punda zaidi kuliko bahari. Baba alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini, mlango wake ukifunguka moja kwa moja kwenye kichochoro, na harufu ya nyumba yetu ilikuwa harufu ya mbao. Ukipita asubuhi ungeijua mbao ya siku hiyo kabla hujaiona. Mbambakofi ukikatwa ulinukia kwa ukali, ukikwama kooni. Mvule ulikuwa mpole. Mama alikuwa juu akishona kofia. Bibi, mzaa baba, alikuwa na jiko lake la bati analolishindilia unga wa mbao, akaacha tundu katikati, na moto wake ulidumu tangu mbaazi zinapotiwa chunguni mpaka zinapoiva.

Kazi yangu mimi ilikuwa kufagia unga huo. Nikirudi chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kabla hata sijavua buibui langu dogo, nilichukua ufagio nikashuka karakanani. Sikuwahi kulalamika. Ile ndiyo saa niliyokuwa na baba peke yangu. Hakuwa msemaji. Alisukuma msumeno wake mkubwa, jasho likimdondoka puani, nami nikifagia kuzunguka miguu yake, na hapo nilijiona ndiye mwenye karakana. Kaka zangu walipenda mpira na kuogelea. Mimi nilitaka ule msumeno. Lakini ulikuwa mzito na mpana, wa kusukumwa kwa mabega ya mwanamume, na kila nilipougusa baba alisema, "Ngoja ukue."

Kisha akaja Mjapani. Alikuja kuchora milango yetu ya kuchonga, akapanga chumba cha juu kwa jirani. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa shikamoo, na akawa analitoa kwa kila kiumbe, hata kwa sisi watoto, na nina hakika nilimsikia siku moja akimwamkia punda. Siku alipochungulia karakanani akamkuta baba kaketi chini, kakanyaga ubao kwa mguu, alifurahi kama aliyekutana na jamaa. Akavua viatu, akaketi vile vile. Baadaye tulielewa kwamba babu yake, huko kwao, naye alikuwa akikata mbao hivyo hivyo.

Kesho yake alikuja na furushi la kitambaa. Ndani mlikuwa na misumeno miwili myembamba kama jani la mnazi. Mmoja ulikuwa na meno pande zote mbili, upande mmoja wa kukata ubao kwa urefu na mwingine wa kuukata kwa upana. Sisi watoto papo hapo tukauita papa upanga, kwa ajili ya yule samaki mwenye pua ya meno huku na huku. Mwingine ulikuwa mdogo, una uti wa chuma mgongoni ili usipinde, wa kazi ndogondogo.

Baba aliushika ule wa meno pande mbili, akausukuma kama alivyozoea. Ukapinda katikati ya ubao, ukalia. Mjapani akamshika kifundo cha mkono, akauvuta kuelekea kifuani kwa baba. Msumeno ukaingia. Baba akavuta tena, na tena, bila kutumia nguvu, na kipande kikaanguka. Akakiokota, akakiangalia mkato wake kwenye mwanga, laini kana kwamba umepigwa randa. Akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Hapo ndipo nilipoonja wivu mara ya kwanza, lakini ulikuwa mdogo, na mgeni naye ana siku zake. Alipoondoka alimwachia baba misumeno yote miwili.

Sasa mawazo yangu yalikuwa haya: huu ni mwepesi, hauhitaji mabega, basi huu ni wangu. Nikamwendea baba, nikamwomba. Akanitazama kidogo, akasema, "Ndoo," ndiyo njoo ya kwetu Lamu, kama njia tunavyoiita ndia. Akanipa kipande cha mwembe na ule msumeno wa meno pande mbili. Nilikuwa nimemtazama baba akisukuma maisha yangu yote, na mkono wangu ulikuwa umeshajifunza bila kuambiwa. Nikasukuma. Ukapinda. Nikavuta kidogo, halafu kwa pupa nikasukuma tena, ukakwama kabisa.

"Usisukume," baba akasema. "Huu hausukumwi, waitwa."

"Nauita, hauji."

"Wauita kwa kelele. Mti una ndia yake. Ngoja ukue."

Akauchukua, akaunyosha juu ya paja lake kwa kidole gumba, akautundika. Nikasema sawa, nitakua.

Mwaka ule ule, nyumba ya jirani ilipata mtoto. Si wa kuzaliwa, ni wa kuletwa. Alikuwa binti wa kutoka kisiwa cha Ndau, nimemzidi kama mwaka mmoja. Babake alikuwa fundi wa mashua, akashikwa na homa akafariki, na mama yake akaja naye Lamu kukaa kwa dada yake. Alifika na kijifurushi cha nguo na macho makubwa. Hakucheza. Alikaa barazani kwetu, mkabala na mlango wa karakana, akitazama ndani kuanzia asubuhi. Mama akimpa hamri alilipokea kwa mikono miwili, akalila bila kuyatoa macho kwenye mikono ya baba.

Siku moja niko na ufagio wangu, baba akamwita. "Mwana wa fundi, ndoo." Akamketisha, akamwekea mguu wake mdogo juu ya ubao, akampa papa upanga. Nilisimama pale na ufagio nikingojea upinde. Wallahi niliuombea upinde. Yule binti akauweka juu ya mstari wa penseli, akatulia, akauvuta. Ssss. Akaurudisha bila kuusukuma, kama mtu anayerudisha mkono wa mtoto aliyelala. Akauvuta tena. Mkato ulishuka juu ya mstari, haukwenda kulia wala kushoto, mpaka kipande kikaanguka.

Baba akakiokota, akakipeleka kwenye mwanga. Akacheka kile kicheko.

"Nani kakufunza?"

"Baba alikuwa na msumeno mdogo," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia.

Tangu siku hiyo akawa wa karakanani. Alikuja akitoka chuoni, kama mimi, lakini mimi nilikwenda kwenye ufagio na yeye akaenda kwenye msumeno. Baba akaanza kumwita Fundi. Mimi aliniita mwanangu, kama kila baba anavyomwita mwanawe, hata aliye mvivu, hata aliye mjinga. Mwanangu ni jina la kuzaliwa nalo. Lile lingine wapewa kwa ulichokifanya, na mimi nililitaka hilo.

Na hebu fikiri, nitamlalamikia nani? Ni yatima. Chuoni mwalimu alitufundisha ubora wa kumlea yatima, na kila aliposoma aya zile nilihisi ananisomea mimi. Majirani walimsifu baba: Bwana Fundi ana moyo, Mungu atamlipa. Mama alimshonea yule binti gauni la Idi kwa kitambaa kile kile cha langu. Wote walikuwa wakifanya wema, na mimi peke yangu nilikuwa na kitu kinachoungua ndani. Bibi ndiye aliyekiona. Alikuwa akishindilia jiko lake, akilalamika kwamba unga wa msumeno wa Kijapani ni laini mno, wafukuta tu hauwaki. Akanitazama, akasema, "Na wewe wafukuta. Wivu ni moto wa pumba, mjukuu wangu. Hauna ndimi, lakini asubuhi wakuta jivu tupu." Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuokota mawe kwenye mbaazi.

Baba naye labda aliona kidogo, kwani alinipa kazi mpya. Mbao zilipokuwa ndefu, zilitikisika, na ule msumeno haupendi kutikisika. Akaniita. "Kaa hapa." Nikakaa juu ya ncha ya ubao, nao ukatulia, na binti wa Ndau akakata upande wa pili. Kazi yangu ikawa uzito. Nilikaa pale nikiuhisi mtetemo mwembamba ukinipanda kwenye mapaja kila alipovuta, na nikiinua macho namwona baba kamwinamia, kidole chake kikimwonyesha wapi pa kuanzia.

Ukafika wakati wangu wa kuhitimu Kurani. Kwetu siku hiyo ni kubwa kwa mtoto. Bibi alianza kutengeneza tambi na kaimati tangu siku mbili kabla, na mama alikuwa na udi aliouweka kwa ajili hiyo tangu nilipoanza alifu. Baba aliniahidi marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, kinachofunguka kama mikono miwili iliyopishana vidole. Marufaa nzuri hutolewa kwenye ubao mmoja, haina bawaba wala msumari. Vidole vile hukatwa ndani ya ubao wenyewe, na ukikosea mkato mmoja umeupoteza ubao. Baba alinichagulia kipande cha mbambakofi chekundu chenye mawimbi. Nilikilalia mwezi mzima katika mawazo yangu. Hiki angekikata yeye, kwa mkono wake, kwa ajili yangu.

Nilirudi chuoni nikakuta binti wa Ndau amekiinamia. Alikuwa ameshika ule msumeno mdogo wenye uti, ncha ya ulimi imemtoka pembeni ya mdomo, na vidole vya marufaa yangu vilikuwa vimekatwa nusu. Baba alikuwa kakaa kando, mikono mapajani, anatazama. Sikufagia siku hiyo. Nilipanda juu nikajilaza kifudifudi kwenye kitanda cha bibi, nikasema naumwa na tumbo, nikaletewa chai ya tangawizi.

Siku yenyewe nilisoma vizuri. Sauti haikunitetemeka. Marufaa ilikuwa mbele yangu, imepakwa mafuta, inang'aa, na ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, hilo silikatai. Nilipofunga msahafu wazee wakasema mashaallah, na mmoja akaichukua marufaa, akaifunga akaifungua, akauliza, "Bwana Fundi, huu ni mkono wako?" Baba akasema, "Si mkono wangu. Ni wa binti wa Ndau," na uso wake ulikuwa na fahari ambayo nilikuwa nimeingoja tangu alifu mpaka mwisho wa juzuu. Watu wote wakageuka kumtafuta. Alikuwa mlangoni, nyuma ya mama yake, kajificha kwenye leso.

Jioni wageni walipoondoka nilishuka karakanani. Baba alikuwa akikusanya zana. Nikamwambia, bila salamu, "Kwa nini si mimi?"

Hakujifanya hakuelewa. Alikaa kwenye gogo lake, akanivuta nikasimama baina ya magoti yake.

"Wewe ukiamka una baba. Ukilala una baba. Mwenzio hana ila hiki anachokijua mkono wake."

"Mimi nataka baba na msumeno."

"Najua," akasema. Akanifuta machozi kwa kiganja kilichojaa unga wa mbao, ukaniingia machoni, nikalia zaidi.

Watu hupenda hadithi ambamo hapo baba angenipa msumeno, au mimi ningetakasika moyo. Hayakuwa hayo. Mimi na binti wa Ndau tuliendelea kukua ukuta kwa ukuta. Tulisukana nywele, tulienda harusini pamoja, na mtu asiyejua angetuita mashoga, marafiki wa chanda na pete. Tulikuwa mashoga kweli. Wivu haukuzuia hilo. Ulikuwa kama jiwe kwenye kiatu, unatembea nalo. Mimi nilifaulu shule, nikasomea ualimu, nikaolewa Mombasa. Yeye aliolewa pale pale na kijana mpole wa kijiji cha Mbwajumali, na hakuiacha karakana. Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu, yeye ndiye aliyekata na baba akapapasa mkato kwa kidole. Mwanzoni wateja walisita kwa kazi ya mwanamke. Baadaye wakaja wakimwulizia yeye, wakimwita Bi Fundi.

Nilipigiwa simu asubuhi, baada ya alfajiri. Baba ametutoka. Nilipanda basi la kwanza, na barabara ile unaijua, vizuizi na ukaguzi, na ukifika Mokowe bado una maji ya kuvuka. Na kwetu maiti haingojeshwi. Nilipoingia mtaani wanaume walikuwa wanarudi makaburini, kanzu zina vumbi. Mama alikuwa chumbani, ameshaanza eda, amefunikwa shuka. Nikamlilia, akanililia. Halafu nikateremka karakanani, kwa sababu miguu ilinipeleka huko.

Binti wa Ndau alikuwa ameketi sakafuni peke yake. Msumeno wa meno pande mbili ulikuwa mapajani mwake, umechakaa, mpini wake umefungwa kamba upya. Leso yake ilikuwa imejaa unga mwekundu wa mbao. Nikaelewa kabla hajasema. Kaburini, juu ya maiti, huwekwa mbao, ndipo kaburi lifukiwe. Viunza. Mbao zile hukatwa siku ile ile, kwa kipimo.

"Nimevikata mimi, dada," akasema. "Sikutaka vikatwe kwa mashine."

Nataka uniamini nikikwambia kwamba nilimshukuru. Nilimshukuru, kwa mdomo. Lakini moyoni nilisema: hata hivi. Mimi sikumwona uso, sikumshika mguu, na kitu cha mwisho alichofanyiwa baba yangu duniani, kilicho karibu naye kuliko udongo, ni cha mkono wako wewe. Nikaketi chini kando yake, kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa.

Baada ya muda akaanza kunieleza, akidhani ananiliwaza. Akasema miezi ya mwisho baba alikuwa haoni tena, lakini kila alasiri alitaka ashushwe ngazi, akae pale. Alimwambia akate. Kama hakuna kazi, akate kipande chochote, mabaki tu.

"Mlikuwa mkizungumza nini?" nikamwuliza.

"Hatukuzungumza. Alikuwa akisikiliza." Akaupangusa msumeno kwa ncha ya leso. "Ila simu ikilia, yoyote, hata ya mteja, hunambia niache kukata. Husema, tazama, huenda ni Mombasa."

Simu zangu zilikuwa Ijumaa, na si kila Ijumaa.

Sasa karakana ile haipo. Kaka yangu amekipangisha chumba kwa wauza vifuniko vya simu na chaja, taa za rangi zinawaka mlangoni mchana kutwa. Mbao hukatwa kwa mashine nje ya mji, ukipita huko huwezi kusikia hata salamu ya mwenzako, na milango inakuja imeshaundwa, ukabaki kuitundika tu. Bibi hayupo, na jiko la unga wa mbao hakuna anayelijua. Kichochoro chetu hakinuki tena mbambakofi. Chanuka umeme na viazi vya karai. Bi Fundi amehamia chumba kidogo upande wa juu wa mji, anafanya kazi kidogo kidogo, ya wale wachache wanaotaka mkato wa mkono.

Nilidhani wivu utakufa na yule aliyegombewa. Haukufa. Nikienda Lamu, yeye huja kunitazama jioni, tunakaa uani na sinia ya mahamri na chai ya iliki. Hatukawii kumtaja. Ataanza kwa upole, "Bwana Fundi siku moja alisema," kisha hunipa jambo ambalo sikuwahi kulisikia: wimbo aliokuwa akiuimba akinoa meno ya msumeno, mzaha wake juu ya mteja fulani, namna alivyoogopa panya. Ni baba yangu huyo, na simjui. Kila neno linaniunguza, kwamba lilisemwa na mimi sikuwapo. Yeye huniona uso ukibadilika, hunyoosha mkono kuchukua kikombe, anataka kubadili mazungumzo.

Nami humwambia, endelea.